Marlene Dumas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimwonyesha mtu kazi za Marlene Dumas, maswali ni yaleyale. Wengine huuliza kwa adabu, wengine kwa hasira kidogo ("hii nayo ni sanaa?"). Nimeyakusanya hapa, pamoja na hayo ya hasira.

Marlene Dumas ni nani?

Ni mchoraji anayeishi na kufanya kazi Amsterdam, Uholanzi. Alizaliwa Cape Town tarehe 3 Agosti 1953. Anachora watu: nyuso, miili, vichanga, maiti, watu maarufu na watu ambao hakuna anayewajua. Milima, maua ya mezani na mashua baharini si fani yake. Huchukua picha iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine, akaivuruga kwa rangi mpaka iseme jambo ambalo kamera haikulisema.

Sasa huyu ni Mholanzi au Mwafrika Kusini?

Inategemea unamuuliza nani. Uholanzi ilimtuma kuiwakilisha kwenye maonyesho ya Venice Biennale mwaka 1995, yeye na wasanii wenzake Marijke van Warmerdam na Maria Roosen. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Johannes Vermeer, tuzo ya serikali ya Uholanzi kwa wasanii, yenye kitita cha euro 100,000. Nchi haimpi mgeni heshima za namna hiyo kwa bahati mbaya. Afrika Kusini nayo inamhesabu kuwa binti yake, na haijakosea.

Lugha aliyozaliwa nayo ni Kiafrikana, ambayo huku kwetu wengi tumeizoea kwa jina la Kikaburu. Lugha hiyo ni mtoto wa Kiholanzi, kwa hiyo alipofika Uholanzi hakuwa bubu sokoni. Alielewa anachoambiwa, nao walimwelewa, ingawa lafudhi ilimtangaza kabla hajamaliza sentensi. Nadhani hali hiyo ya kuwa mwenyeji nusu na mgeni nusu inaonekana hata kwenye picha zake. Mimi namwita Mholanzi aliyezaliwa Afrika Kusini, na sigombani na anayeyageuza maneno hayo.

Alikulia katika mazingira gani?

Kwenye shamba la mizabibu liitwalo Jacobsdal, huko Kuils River, nje kidogo ya Cape Town. Baba yake alilima zabibu za mvinyo, na alifariki Marlene akiwa na miaka 12. Alikuwa na kaka wawili.

Jambo ambalo watu hulisahau ni hili: nyumbani kwao hapakuwa na televisheni, kwa sababu nchi nzima haikuwa nayo. Serikali ya Makaburu iliiogopa, na matangazo rasmi ya kitaifa yalianza Januari 1976. Yaani Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi kabla ya Afrika Kusini kuwa na televisheni ya aina yoyote! Binti wa shambani aliyetaka kuujua ulimwengu ukoje alibaki na sinema na magazeti yenye picha. Huko ndiko alikowaona warembo wa mashindano ya urembo, na akiwa na miaka kumi alichora msururu wa wasichana waliovaa nguo za kuogelea. Mchoro huo wa utotoni, Miss World, bado upo, na umewahi kuwekwa kwenye maonyesho kando ya kazi zake za ukubwani.

Alisomea wapi?

Kwanza katika shule ya sanaa ya Michaelis, Chuo Kikuu cha Cape Town, kuanzia 1972 hadi 1975. Kisha akapata ufadhili wa miaka miwili wa kwenda ng'ambo, akaingia Ateliers '63 mjini Haarlem mwaka 1976. Hiyo haikuwa shule ya ubao na chaki. Kijana alipewa chumba cha kufanyia kazi, na wasanii wakubwa walipita kuzungumza naye kuhusu alichokifanya wiki hiyo. Mfumo huo ulimkaa sana, kwani taasisi hiyo ilipohamia Amsterdam na kuitwa De Ateliers, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanaopita kuwasikiliza vijana.

Mwaka 1979 na 1980 alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Wapo wanaodhani huo ni mchepuko tu. Mimi sidhani, maana mtu anayetumia maisha yake yote kuuliza uso unaficha nini hakupoteza muda kusoma saikolojia.

Miaka ya mwanzo Uholanzi hakupaka rangi sana. Alikata picha za magazeti, akazibandika, akaandika maneno pembeni. Alialikwa Documenta 7, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 1982. Nyuso kubwa za rangi ya mafuta, zile zilizomletea jina, alizionyesha mwaka 1985 katika jumba la sanaa la Paul Andriesse, Amsterdam.

Je, aliondoka Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi?

Aliondoka kwa sababu alipata ufadhili wa masomo. Hakufukuzwa, hakutoroka usiku, wala hakuwahi kujifanya shujaa wa mapambano. Lakini mwaka aliosafiri, 1976, ndio ule wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya nyumbani kwake. Kumbukumbu hiyo hubebwa hata na mtu aliye mbali.

Alivyoibeba yeye utaiona kwenye Evil is Banal ya mwaka 1984, iliyoko makumbusho ya Van Abbemuseum mjini Eindhoven. Ni picha yake mwenyewe, amegeuka kututazama, nywele zimewaka rangi, sura ya kupendeza tu. Halafu soma jina: uovu ni jambo la kawaida. Anakuambia kwamba waliofaidika na ule mfumo hawakuwa na pembe kichwani. Walikuwa na sura kama yake. Mwaka uliofuata alichora The White Disease, ugonjwa mweupe, uso uliotokana na picha ya kitabibu. Kwa mtu wa nchi ile na wakati ule, jina hilo halikuhitaji maelezo.

Mbona hachori watu waliokaa mbele yake?

Hili ndilo swali la msingi, na Kiswahili kina neno lake: mitumba.

Dumas mwenyewe amewahi kusema kwamba anafanya kazi na picha za mkono wa pili, na mambo aliyoyapitia kwa mkono wa kwanza. Studio yake imejaa vipande vya magazeti, kadi za posta, picha za sinema, picha za papo kwa papo alizopiga mwenyewe kwa kamera ya Polaroid, na nakala za michoro ya mabwana wa zamani. Picha ikimgusa anaihifadhi, pengine kwa miaka. Siku moja anaitoa kwenye fungu, kama vile mtu anavyochambua marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, akaona koti ambalo mwingine amelipita mara tatu.

Faida yake ni nini? Mtu akikaa mbele yako unalazimika kumheshimu, kumfurahisha, kumlipa, na kumpa chai. Picha ya gazeti haina haya. Unaweza kuikata kichwa, kuigeuza juu chini, kuipaka kijani. Pia picha ya gazeti imekuja na maelezo yake chini: huyu ni fulani, amefanya hili, tarehe fulani. Dumas anayatupa maelezo hayo, anabaki na uso peke yake. Unautazama na hujui tena kama mtu huyo amelala au amekufa, anasali au anasubiri kuuawa.

Mfano mzuri ni The Wall ya mwaka 2009. Unaona wanaume wa Kiyahudi waliovaa mavazi yao ya dini wamesimama mbele ya ukuta mkubwa. Mara moja unasema: Yerusalemu, ukuta wa maombi. Hapana. Huo ni ukuta wa zege ambao Israeli iliujenga kujitenga na Wapalestina, na picha ilitoka gazetini. Macho yako ndiyo yaliyokudanganya, na yeye alijua yatakudanganya. Mwaka 2010 aliionyesha New York pamoja na nyingine za aina hiyo, kwenye maonyesho aliyoyaita Against the Wall.

Mfano mwingine ni Stern ya mwaka 2004, iliyoko makumbusho ya Tate, London. Ni kichwa cha Ulrike Meinhof, mwanamke wa kundi la wapiganaji wa mrengo wa kushoto wa Ujerumani, akiwa maiti baada ya kufia gerezani mwaka 1976. Mchoraji Mjerumani Gerhard Richter alikwisha kuichora picha hiyohiyo mwaka 1988. Dumas akairudia, na badala ya kuipa jina la marehemu akaipa jina la gazeti lililoichapisha. Ni kama kuacha lebo ya dukani ikining'inia kwenye nguo makusudi, ujue imetoka wapi.

Mtindo wake ukoje hasa? Anapakaje rangi?

Kwa wepesi, kwa maji mengi na kwa haraka, ila haraka hiyo ina miaka arobaini na zaidi ya mazoezi nyuma yake.

Rangi yake ya mafuta ni nyepesi. Huizimua mpaka inakaribia kutiririka, na mara nyingi utaona kitambaa cha turubai kinachungulia chini yake. Pale wengine wanapojenga ngozi kwa tabaka nane, yeye anapita mara moja au mbili kwa brashi pana na kuacha. Kivuli cha pua ni mpigo mmoja. Jicho ni doa lililoachwa likauke lenyewe. Akipaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi, mipaka inayeyuka, na hapo ndipo sura inapoanza kuonekana kama ndoto au kama homa.

Kwa wino ni vilevile, pengine zaidi. Karatasi anailaza sakafuni, anaimwagia wino uliochanganywa na maji, anauelekeza kwa brashi, kisha anaachia. Maji yana akili yake. Yanajikusanya kwenye bonde la karatasi, yanakauka na kuacha pindo jeusi, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Msanii mwingine angeita hilo kosa. Dumas hungoja limalizike, ndipo aamue kama lile doa ni shavu.

Rangi za ngozi usizitafute kwenye ngozi. Kuna bluu ya mtu aliyepata baridi, kijivu cha maiti, waridi iliyopitiliza, kijani cha taa za usiku. Na nyuma ya mtu mara nyingi hakuna kitu: si chumba, si kiti, si dirisha. Uso umekatwa karibu sana, kama picha ya pasipoti iliyopigwa na mtu aliyesogea kupita kiasi. Kwa hiyo huna pa kukimbilia kwa macho.

Na ukubwa. Vitabuni picha zote zinalingana, ndiyo maana wengi hushtuka wakikutana nazo ukutani. The First People ya mwaka 1990 ni vichanga vinne, lakini kila kimoja kina urefu wa mtu mzima. Mtoto wa siku chache akiwa amelingana nawe kimo, huoni tena kitu cha kubembelezwa. Unaona mnyama mwekundu anayetaka kuishi.

Yule mtoto mwenye mikono kama ya damu ni nani?

Ni binti yake, Helena, aliyezaliwa 1989. Picha inaitwa The Painter, yaani mchoraji, ni ya mwaka 1994 na ina urefu wa mita mbili. Ipo katika makumbusho ya MoMA, New York. Mtoto alikuwa akicheza na rangi, akajipaka, akapigwa picha. Mambo ya kawaida ya nyumba yenye mtoto na rangi.

Mama akaichora: mtoto uchi, tumbo lina ubluu, mkono mmoja mwekundu, mwingine umekolea giza, macho yamekukazia. Hakuna kucheka. Anayejua jina la picha anaona msanii mdogo aliyetoka kazini, asiyejua anaona mtu aliyetoka kufanya jambo baya. Nami niliyeijua kwa miaka bado naona vyote viwili kwa zamu. Kama una nafasi ya kuiona kazi yake moja tu, iwe hii.

Ni kweli amemchora mke wa Lumumba?

Kweli. Kazi inaitwa The Widow, mjane, ya mwaka 2013.

Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Habari za kifo chake zilipotangazwa Februari, mkewe Pauline Opango alitembea kwenye barabara za Léopoldville, Kinshasa ya leo, kifua wazi kwa desturi ya maombolezo, akizungukwa na ndugu na waombolezaji, kwenda kwa maofisa wa Umoja wa Mataifa kudai mwili wa mumewe. Mpiga picha alikuwapo, na magazeti ya dunia yaliichapisha. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi. Mwili hakupewa. Pauline alifariki Desemba 2014, na kilichorudishwa na Ubelgiji hatimaye, Juni 2022, ni jino moja.

Gazeti la Ulaya la 1961 liliiona picha ile kwa jicho lake: mwanamke Mwafrika, kifua wazi. Dumas ameipunguza. Hakuna umati wa kutosha kuhesabu, hakuna jengo la kukuonyesha mji, kuna watu wanaotembea na mwanamke katikati yao. Unachobaki nacho ni mwendo wake. Anatembea kama mtu asiye na cha kupoteza tena, na wanaume waliomzunguka ndio wanaoonekana wadogo. Pia zingatia jina. Hakuandika Pauline wala Lumumba. Wengine wameona huko ni kumnyang'anya mama wa watu jina lake mara ya pili, na mimi siwalaumu. Lakini mbele ya picha nilijikuta nikilitamka jina hilo mwenyewe.

Black Drawings ni nini, na mzungu ana haki ya kuzichora?

Ni nyuso 111 za watu weusi, kwa wino kwenye karatasi ndogo, pamoja na kipande kimoja cha sleti kilichotundikwa kati yao. Alizichora 1991 na 1992. Ziko katika makumbusho ya De Pont, mjini Tilburg. Zimepangwa safu juu ya safu hadi ukuta unajaa.

Chanzo ni picha za zamani, zikiwemo zile ambazo wakoloni walizipiga kuwaonyesha watu wao "aina" za Waafrika. Aliyepiga alitaka kuonyesha kwamba hawa wote ni wamoja. Dumas akakaa na kila mmoja, kwa wino uleule na karatasi yenye ukubwa uleule, na hakuna uso uliofanana na mwenzake. Weusi wenyewe haufanani: mmoja ni wa masizi, mwingine umeingiwa na maji ukawa wa moshi, mwingine unang'aa.

Kuhusu haki, mjadala upo na hautakwisha leo. Wanaompinga wanasema amezikuta nyuso zisizo na majina na ameziacha hivyohivyo. Nakubali hilo ni doa. Ila nikilinganisha na ukimya wa wachoraji wengi wazungu wa rika lake, waliochora weupe miaka yote kana kwamba weupe si rangi, naona yeye angalau aliligusa.

Kwa nini amewachora Osama na muuaji wa Theo van Gogh?

Tarehe 2 Novemba 2004, mtengenezaji filamu Theo van Gogh aliuawa barabarani mjini Amsterdam, asubuhi. Muuaji, Mohammed Bouyeri, alikuwa mzaliwa wa mji huohuo. Mwaka uliofuata Dumas alimchora, akaipa picha jina The Neighbour: jirani. Ipo katika makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam. Uso ni wa upole tu, wa mtu unayeweza kupanda naye tramu. Mwaka 2010 akamchora Osama bin Laden, naye kwa utulivu uleule.

Walikasirika watu. Lakini hebu rudi kwenye Evil is Banal. Ni mstari uleule wa mawazo tangu 1984, na alianza nao kwa kujichora mwenyewe.

Mbona uchi mwingi namna hii?

Kwa sababu picha za uchi ziko kila mahali magazetini, na yeye anachora kutoka magazetini. Mwaka 2000 yeye na mpiga picha Anton Corbijn walifanya kazi pamoja kuhusu wanawake wanaovua nguo jukwaani mjini Amsterdam. Hamchori mwanamke ili anunuliwe, na mara nyingi anayechorwa ndiye anayekutazama wewe kana kwamba wewe ndiye uliyevua. Ukiwa unawafundisha watoto, chagua picha mapema. Nilishawahi kufungua kitabu chake mbele ya mashemeji na nikakifunga kwa kasi.

Picha yake ghali kuliko zote ni ipi?

Miss January ya mwaka 1997: mwanamke mwenye nywele za dhahabu, uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, soksi moja ya waridi, urefu wa picha karibu mita tatu. Ni dada mkubwa wa wale warembo wa nguo za kuogelea wa utotoni. Iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, Mei 2025 kwa dola za Marekani milioni 13.6, bei ya juu kuliko zote zilizowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya mwanamke msanii aliye hai. Rekodi ya awali ilikuwa ya Mwingereza Jenny Saville, dola milioni 12.4, mwaka 2018. Rekodi ya Dumas mwenyewe ilikuwa imesimama tangu 2008, The Visitor, dola milioni 6.3.

Kwa hiyo alitajirika siku hiyo?

Hapana. Fedha ya mnada ni ya mwenye mali, na mwenye mali ni aliyeinunua picha zamani. Umoja wa Ulaya una sheria inayompa msanii asilimia ndogo kila kazi yake inapouzwa upya, lakini ina kikomo cha euro 12,500 kwa mauzo hata picha ikienda kwa mamilioni. Marekani, ilikouzwa Miss January, haina hata sheria hiyo katika ngazi ya taifa. Msanii anafaidika kwa njia ya mzunguko, kwa maana bei ya kazi zake mpya hupanda. Asikudanganye mtu kwamba alibeba mamilioni yale.

Ana mume?

Aliishi miaka mingi na mchoraji wa Kiholanzi Jan Andriesse, aliyefariki 2021. Andriesse alichora mwanga na upinde wa mvua, Dumas alichora miili, na walijadiliana.

Anaandika pia?

Anaandika, na anaandika vizuri, hasa kwa Kiingereza: mashairi mafupi, maelezo ya kazi, mizaha juu yake mwenyewe. Maandishi hayo yamekusanywa kwenye kitabu Sweet Nothings cha mwaka 1998. Majina ya picha zake nayo ni kazi ya uandishi. Picha iitwayo Waiting (for meaning), ya 1988, ni mwili uliolala, na hilo jina linakucheka wewe unayesubiri maana.

Naweza kuziona wapi?

Uholanzi: Stedelijk Amsterdam, Van Abbemuseum Eindhoven, De Pont Tilburg. Uliza kabla ya kwenda, kwa kuwa kazi za wino hazivumilii mwanga na hukaa stoo muda mrefu. London kuna Tate, New York MoMA. Maonyesho yake makubwa kuliko yote yalikuwa The Image as Burden, yaliyoanzia Stedelijk mwaka 2014, yakaenda Tate Modern, kisha Fondation Beyeler karibu na Basel mwaka 2015. Mwaka 2022 alipewa jumba zima la maonyesho la Palazzo Grassi, Venice. Na Novemba 2025 Louvre, Paris, iliweka nyuso zake tisa, ziitwazo Liaisons, kwenye lango la Porte des Lions.

Nyumbani kwao walimchelewesha. Maonyesho yake ya kwanza peke yake katika makumbusho ya Afrika Kusini, Intimate Relations, yalifanyika Cape Town mwishoni mwa 2007, kisha Johannesburg mwaka 2008. Alikuwa na miaka 54.

Hata mtoto wangu anaweza kuchora hivi.

Hilo si swali, lakini nitalijibu. Mpe mtoto wino, maji na picha ya gazeti, mwambie achore uso kwa mipigo kumi asirudie. Kisha jaribu wewe.

Nataka kujifunza mbinu yake. Nianzie wapi?

Tafuta wino mweusi wa kuchorea usiofutika kwa maji ukikauka, brashi moja pana na moja nyembamba, na karatasi nzito, gramu 200 kwenda juu, maana karatasi ya daftari itajikunja kama papadi. Ilaze sakafuni, mahali tambarare. Chagua picha moja ya uso gazetini, usichague ya mtu unayempenda. Itazame mpaka uichoke, kisha igeuze.

Lowesha karatasi pale penye kivuli tu. Dondosha wino, uache utembee. Palipo na mwanga usipaguse kabisa, weupe wa karatasi ndio mwanga wako na ukishaupaka haurudi. Usiinue karatasi kabla haijakauka. Hapo ndipo wengi huharibu, wanataka kuona matokeo, wino wote unakimbilia kidevuni. Nenda ukanywe chai.

Ukirudi utakuta nusu yake imeharibika. Usiitupe. Alipokuwa akitayarisha Models, nyuso 100 za wanawake alizozimaliza 1994, Dumas alibakiwa na zile alizozikataa. Akazichana, akazibandika upya, akazichokoa macho, akazipa jina la Rejects, na amekuwa akiliongeza fungu hilo na kulitundika makumbusho tangu wakati huo.